Kufuli la Hedley Thirlaway

Halmashauri ya wilaya imetangaza rasmi, katika taarifa iliyobandikwa langoni na kupigwa muhuri, kwamba matukio ya uvunjaji wa vibanda katika bustani za kukodi za Kimblesdon yamepungua mwaka huu na kufikia kiwango cha chini kabisa tangu yaanze kuhesabiwa. Mafanikio hayo, taarifa inaendelea, yametokana na ushirikiano wa wakulima wenyewe, ambao walizingatia ushauri wa kitaalamu: walifunga vibanda kwa kufuli madhubuti, wakaziba madirisha ili zana zisionekane na wapita njia, na wakachonga postikodi zao kwenye vyuma na mipini. Halmashauri inawashukuru.

Miongoni mwa wanaoshukuriwa yumo Hedley Thirlaway, wa ploti ya mwisho kando ya njia ya nyuma. Hakuna aliyeuzingatia ushauri ule kumshinda yeye.

Kimblesdon ulikuwa mji wa mgodi wa makaa ya mawe. Makaa yalipokwisha, au bei yake ilipokwisha, wakubwa walichukua mitambo wakatuachia bustani na kikohozi. Hedley alikuwa deputi, yaani yule anayetangulia chini na taa yake kupima hewa kabla wenzake hawajaruhusiwa kushuka. Maisha yake yote ya kazi alisoma kila tangazo lililobandikwa ukutani na kufanya lilivyosema, na kwa sababu hiyo kuna wazee kadhaa wangali hai hapa mjini wakilalamikia bei ya bia. Mtu wa namna hiyo ukimpa karatasi yenye muhuri, hakuulizi aliyeiandika anajua nini.

Hedley hakuwa na mali. Alikuwa na liki.

Kwingine liki, yule binamu mnene wa kitunguu, huishia kwenye supu. Kwetu huishia mezani pa kilabu cha wafanyakazi kila Septemba, zikiwa zimeoshwa kama maiti ya tajiri, na waamuzi huzipima unene kwa utepe huku ukumbi mzima umenyamaza. Zamani zawadi zilikuwa vyombo vya nyumbani. Nusu ya nyumba za Kimblesdon zilitandikwa na kupambwa kwa liki. Kabati la mama yake Hedley, zulia lake, saa yake ya ukutani, vyote vilitoka ploti ile, na hata kitanda ambacho Hedley, kwa maneno yake mwenyewe, alizaliwa juu yake kwa hisani ya mboga.

Liki kama hizo hazinunuliwi dukani. Iliyo bora huachwa itoe ua mwaka unaofuata, na ndani ya ua huchipua vichanga vyembamba kama nyasi, kila kimoja sura ya mama yake. Mama hufa. Vichanga hubanduliwa baridi inapoanza, vikapandwa vikoponi, vikalelewa kwenye joto hadi majira ya kuchipua. Ukoo wa liki za Thirlaway ulivushwa hivyo tangu enzi za babu yake, ukapita katika vita na migomo bila kukatika msimu hata mmoja. Na desturi ni kwamba ukoo hautoki nje. Baba humpa mwana, basi. Jirani hapewi, shemeji hapewi. Kuna wanaume kwetu waliozikwa bila wake zao kujua walikuwa wakizilisha liki zao kitu gani.

Mwana wa Hedley, Duncan, yuko Australia, anasafisha mabwawa ya kuogelea, na kitunguu humletea kiungulia. Hedley alilijua hilo. Hakuwa akitafuta mrithi tena. Alichotaka ni kitu kidogo tu: akifa, liki ziwe hai. Kitakachofuata si juu yake, mradi asiwe yeye Thirlaway aliyeukata ukoo.

Kwa hiyo wizi ulipoanza, yeye ndiye aliyeogopa zaidi. Kibanda chake kilivunjwa mara ya kwanza wakachukua mpira wa maji na uma wa bustani. Mara ya pili wakachukua toroli. Mara ya tatu, walipokuta hakuna cha maana, walivunja vikopo vitupu na kumwaga mbolea sakafuni, nadhani kwa uchungu wa kukosa. Liki hawakuzigusa, maana zilikuwa shambani wakati huo, na kwa macho ya mwizi zilikuwa majani.

Ndipo halmashauri ikatutumia Bwana Crispin Yelland, kijana mpole mwenye picha za kufuli za kuonyesha ukutani. Alitukusanya kilabuni akatueleza kwamba mwizi ni mtu wa fursa, ambalo sisi tulilichukulia kama sifa. Bi Ismay Bewick, mjane wa ploti inayopakana na ya Hedley, alimuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kumiliki kibanda. Yelland akakiri kwamba anaishi ghorofa ya nne. Wengine tulicheka. Hedley alikuwa anaandika.

Kufikia mwisho wa juma alikuwa ametekeleza yote. Alinunua kufuli zito kama moyo wa ng'ombe. Alichonga postikodi yake kwenye kila chuma, ikiwemo sepetu ya baba yake, ambayo mpini wake ulikuwa umelainika hadi ukadhani ni mfupa. Kisha akapaka rangi nyeusi vioo vyote viwili vya dirisha.

Hapo ndipo Bi Ismay alipoweka ndoo yake chini. Kila alasiri ya baridi, akirudi nyumbani na mbwa wake, alikuwa akichungulia dirisha lile kuhakikisha hita ya mafuta ya taa inawaka, ule moto wake mdogo wa bluu uliokuwa ukilea vichanga vya Hedley. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa akifanya hivyo tangu mumewe alipofariki, na Hedley alikuwa akijifanya hajui.

"Sasa nitachungulia wapi, Hedley?"

"Hakuna kuchungulia, Bi Ismay. Ndiyo maana yake. Mwizi asione."

"Mwizi haoni, mimi sioni. Nani anaona?"

"Kufuli," akasema Hedley.

Bi Ismay aliitazama ile rangi ikikauka. Halafu akamwomba jambo ambalo kwetu haliombwi. "Basi nigawie vichanga vitano. Vitano tu, niviweke jikoni kwangu. Huku likitokea la kutokea, kule vipo."

"Marehemu mumeo aliniomba hivyo hivyo, mwaka ule alioshika nafasi ya pili."

"Mume wangu yuko kaburini, Hedley. Hashindani na wewe tena."

"Huwezi kujua," akasema Hedley, na hakuwa akitania sana.

Hakumpa. Wala hakuna mtu hapa mjini aliyemlaumu, maana hakuna ambaye angetoa.

Februari ile ilikuja na baridi ya kupasua mabomba, na kifua cha Hedley kikamlaza kitandani. Daktari alimkataza kutoka nje. Hedley alimpigia simu Bi Ismay, akamweleza kwamba hita ameijaza mafuta ya kutosha wiki nzima, kwa hiyo hana haja ya kuingia, na kwa vile hana haja ya kuingia hana haja ya ufunguo. Alichoomba ni jambo moja, lile ambalo ushauri wa Yelland ulisisitiza kuliko yote: akipita, alivute kufuli aone kama liko imara.

Bi Ismay alilivuta kila siku. Liling'ang'ania kama kupe. Kila jioni alimpigia Hedley simu: kufuli lipo, halijaguswa. Na kila jioni Hedley alilala vizuri kidogo.

Kufuli kweli halikuwa limeguswa. Mwizi alikuja mwanzoni kabisa mwa wiki, akaliona, nadhani akaliheshimu, kisha akahamia upande wa pili wa mlango, kwenye bawaba, ambazo skrubu zake zilikuwa nje kama za vibanda vyetu vyote. Alizifungua kwa bisibisi. Mlango ukabaki umeshikwa na kufuli peke yake, naye akaufungua kwa upande usio wake. Alichukua hita, akachukua sepetu na vyuma vingine. Trei za vichanga zilikuwa njiani, akazipindua apite. Alipomaliza aliurudisha mlango mahali pake akaukaza na kabari ya mti, usije ukaanguka na kuvuta macho ya watu. Hatujui ni nani. Tunajua tu kwamba alilelewa vizuri.

Ndani, nyuma ya vioo vyeusi, hakukuwa na moto, na nje hakuna ambaye angeweza kujua.

Hedley aliamka Ijumaa, akajifunga skafu mbili, akatia mfukoni kipande cha mkate na nyama ya nguruwe, akaenda. Aliingiza ufunguo. Kufuli lilifunguka vizuri, alikuwa amelitia mafuta mwenyewe. Kisha mlango wote ukamwangukia.

Bi Ismay alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amevipanga vichanga sakafuni, kimoja kimoja, juu ya gunia. Liki ni mboga sugu, ikikua. Lakini vichanga vilivyolelewa na hita ni kama mtoto asiyewahi kutolewa nje, na hivi vilikuwa vimelala na mizizi wazi kwenye jalidi kwa siku zote zile. Vilikuwa vimegeuka rangi ya maji. Hedley alikuwa amewahi, katika kazi yake, kutofautisha aliyezimia na aliyekufa, na alivipitia vyote kwa utaratibu uleule, akibonyeza kila kimoja shingoni kwa kidole gumba.

"Nililivuta kila siku," Bi Ismay akasema. "Kila siku, Hedley. Halikutikisika."

"Najua. Ni kufuli zuri."

Mbwa alinusa gunia, akaondoka. Bi Ismay alibaki amesimama mlangoni, au pale palipokuwa mlango.

"Ningeweza kukuibia," akasema baadaye. "Siku ile ulipokwenda kununua rangi zaidi, ulikiacha kibanda wazi. Niliingia kabisa. Niliviona."

"Kwa nini hukuniibia?"

"Nilikuheshimu."

Hedley akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto. "Ulikosea, mama," akasema.

Polisi walipokea taarifa kwa simu. Waliuliza thamani ya vilivyoibwa, na Hedley, mtu wa ukweli, alitaja hita kuukuu na zana kuukuu. Liki hazikuwa zimeibwa, kwa hiyo hazikuingia kwenye orodha. Duncan alipiga simu kutoka kwenye joto lake, akamwambia baba yake kwamba siku hizi mbegu za kila aina zinaagizwa kwenye mtandao. Hedley alimshukuru.

Kilabuni walimpokea kwa heshima inayostahili mfiwa. Walimnywesha bia hadi Machi. Mabingwa wa mashindano walikuja mezani kwake mmoja mmoja, wakavua kofia, wakakaa naye. Kila mmoja wao alikuwa na vichanga vya ziada nyumbani, vingi kuliko nafasi aliyokuwa nayo, ambavyo angevitupa kwenye mboji kabla ya majira kwisha. Hakuna aliyempa. Hawakuwa na ubaya wowote naye. Ukoo hautoki nje, na angepewa Hedley asingepokea. Hilo la pili ndilo walilofarijiana nalo, na linawezekana kuwa kweli. Hatukuwahi kujua, kwa sababu hakuna aliyejaribu.

Mwezi wa Mei nilikuwa naye gulioni Jumapili, pale uwanja wa mbio za mbwa, watu wanapouza vitu kutoka nyuma ya magari yao. Aliiona sepetu ya baba yake imeegemezwa kwenye bampa, kati ya kiti cha mtoto na pazia la bafuni. Postikodi ilikuwa bado inasomeka vizuri. Muuzaji, jamaa mchangamfu mwenye sambusa ya nyama mkononi, alimwona akiigusa.

"Shika, mzee, shika uuone uzito wake. Hiyo ya kizamani, hawatengenezi tena. Na umeiona hiyo alama? Hiyo ya usalama. Ukiona alama kama hiyo jua kitu si cha wizi."

Nilisubiri. Hedley aliishika, akaipima mkononi, akapitisha kidole kwenye ule mpini. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuwaita polisi, au hata kuinunua, bei si kubwa. Akairudisha palepale ilipokuwa, akainyoosha kidogo isianguke.

"Ya kuchimbia nini?" akaniuliza.

Bustani hakuirudisha kwa halmashauri. Analipia kodi, anakuja asubuhi, anakaa juu ya ndoo, na magugu yanafanya yanavyotaka. Mlango alimpa Bi Ismay, ambaye ameulaza juu ya matofali na kuufanya meza ya kupandia maua. Kufuli bado limo kwenye komeo lake, limefungwa, na Bi Ismay, nimemwona, akipita hulivuta.

Mwezi uliopita Bwana Yelland alipita kila ploti na kalamu yake kuhesabu matukio ya mwaka kwa ajili ya taarifa. Lile la Februari liliingia hesabu ya mwaka wa fedha uliopita, ulioisha Machi. Alimuuliza Hedley kama kibanda chake kimevunjwa tena tangu hapo. Hedley akasema la. Yelland alifurahi kwa dhati, akamshika mkono, akamwambia kwamba ni wakulima kama yeye wanaoleta mabadiliko.

Kwa tafsiri ya halmashauri, kuvunja ni kuingia kwa nguvu mahali palipofungwa. Kibanda cha Hedley hakijafungwa tangu Februari.