Sakafu ya Jikoni Yahamia Sebuleni

Asubuhi ya Ijumaa, jua halijafika mtoni, Felisa Dimaano amesimama kwenye maji hadi kiunoni, sketi kaipiga fundo, anachokoa tope kwa mguu. Chini ya tope hilo, chini ya mawe aliyoyapanga mwenyewe, imelazwa mianzi yake.

Anavuta mmoja. Anaukwangua kwa panga, anaugusa kwa ulimi, kisha anatema.

“Bado mtamu,” anasema. “Mwanzi mtamu ni chakula cha fukusi. Nikiutandika leo, kesho wataalikana ukoo mzima.”

Anaurudisha topeni na kuukandamiza kwa jiwe. Harufu inayopanda hapo ni ya yai lililosahauliwa na kuku na mwenye kuku. Wapita darajani wanaziba pua. Yeye anawapungia mkono kama bibi harusi.

Felisa, mwenye miaka hamsini na minane, ni fundi wa sakafu za mianzi katika kijiji kimoja cha Batangas, Ufilipino. Huupasua mwanzi kuwa vibale, hulainisha vifundo kwa kisu, hupanga vibale upande unaong'aa ukiwa juu, na huacha nafasi nyembamba katikati ili upepo upande kutoka uvunguni, maana nyumba za huku husimama juu ya nguzo. Makombo nayo hushukia humo humo, waliko kuku, na hakuna kuku aliyewahi kulalamika.

Nafasi hiyo haipimi kwa rula. Huomba kidole kidogo cha mama mwenye nyumba.

“Cha mume sikitaki,” anasema. “Mume kijiko kikidondoka hajui hata kama nyumba ina kijiko.”

Chumba kimoja humpa peso elfu tatu, pengine na jogoo juu yake. Ipo miezi hapati chumba hata kimoja, maana wengi siku hizi wanamwaga saruji.

Lakini kinachomfikisha mtoni Ijumaa hii si kazi ya mtu. Jumapili, wazazi wa Rodel, kijana wa mjini anayetengeneza simu, wanakuja kumposa Nenita, binti wa pekee wa Felisa. Kwa mila ya huku, watu wa mume hupanda ngazi ya nyumba ya binti, wanavua kandambili chini, wanaketi sebuleni kwake, ndipo wanasema. Sebule ya kuazima haifai, hata iwe nzuri namna gani.

Na sebule ya Felisa imeoza.

Aliitandika marehemu mumewe, Ambo. Mianzi aliikata wakati wa mvua, ingali imejaa utamu, na mtoni hakuilaza hata usiku mmoja. Sikukuu ya mtakatifu wa kijiji ilikuwa imekaribia naye alitaka watu wacheze kwake.

“Ambo wangu alikuwa na haraka ya kila kitu,” anasema mjane huyo. “Hata ya kufa.”

Fukusi hawakuwa na haraka. Wamekula miaka yote hiyo kwa utulivu. Unga wao humwagika uvunguni mchana kutwa, na tetea mweusi wa Felisa sasa ni wa kijivu.

Bining, jirani na shoga yake tangu ujana, hakumwonea haya.

“We Felisa, kijiji kizima kinatembea juu ya kazi yako. Ya kwako umemwachia nani?”

“Ya kwangu hailipi.”

“Haya. Na Takyo akitumbukia?”

Takyo ni baba yake Rodel, mfanyabiashara wa nguruwe, ambaye kwa maneno ya Bining ameanza kufanana na mali yake. Hapa kijijini inaaminika kwamba mposaji akitumbukia mguu, nyumba yenyewe imekataa. Wageni hubeba sufuria za chakula walicholeta wakarudi walikotoka.

Jumamosi asubuhi, Felisa aliingia jikoni akatazama chini. Ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Mianzi yake ililala topeni hadi ikaisha utamu wote, na sasa ilikuwa ngumu kama mfupa, nyeusi kwa moshi na mafuta. Akachukua nyundo, akaanza kung'oa misumari.

“Mama!” Nenita alipiga ukelele. “Jikoni tutakanyaga nini?”

“Hatukanyagi. Tutapika chini.”

“Na kuku?”

“Kuku nao wamealikwa, ila bado hawajaambiwa.”

Jioni sebule ilikuwa na sakafu mpya ya zamani, imesuguliwa kwa majivu na kung'arishwa kwa majani ya mgomba. Jikoni zilibaki boriti tupu. Felisa akatundika pazia la maua mlangoni, akalishusha hadi chini.

Jumapili walifika: Takyo na mkewe, shangazi wawili, Rodel ndani ya shati lililopigwa pasi kupita kiasi, na mama yake Takyo, Bibi Epang, mwembamba kama mkongojo wake. Walileta sufuria nzima ya adobo, nyama iliyopikwa kwa siki, na wali wa kunata uliofungwa kwa majani. Walipanda ngazi mmoja mmoja. Felisa aliwasalimia akitazama miguu yao.

Bibi Epang aliketi mkekani, akavuta pumzi.

“Sakafu hii inanukia samaki wa kukaanga.”

“Ni nyumba ya walaji, Bibi,” Felisa akajibu.

Kahawa ilipita chini ya pazia, sinia ikisukumwa na mkono ambao mwenyewe hakuonekana. Takyo alianza na mvua, akaenda bei ya nyama, akapitia magoti yake yanayouma, kama inavyotakiwa. Hakuna mposaji wa maana anayeanza na jambo lenyewe. Kabla hajalifikia, mama yake alitaka kunawa mikono. Mitungi ya maji huwekwa kwenye kibaraza cha nyuma, na njia ya huko ni jikoni.

Nenita aliruka. “Nakuletea, Bibi!”

“Miguu ninayo, mjukuu wangu.”

Akavuta pazia.

Mbele yake palikuwa na boriti na hewa. Chini kabisa, kati ya chungu na kuku waliosalia, Bining aliinua uso.

“Karibu, Bibi,” akasema. “Lakini usije.”

Sebuleni hakuna aliyecheka. Takyo aliweka kikombe chini. Mkewe akaanza kuutafuta mfuniko wa sufuria ya adobo.

“Sebule ilikuwa imeliwa,” Felisa akasema. “Hii mnayoikalia ni ya jikoni. Sikuwa na nyingine. Mkiona haifai, ngazi mnaijua.”

Nenita aliinamisha uso. Rodel akafungua kinywa, baba yake akamtazama, akakifunga.

Bibi Epang aliliachia pazia. Aligonga sakafu kwa mkongojo, ukuta hadi ukuta, huku ametega sikio kama mnunuzi wa nazi. Kisha akageuka.

“Takyo.”

“Naam, Mama.”

“Ruka.”

“Mama, watu wananitazama!”

“Wakutazame. Ruka.”

Takyo akaruka. Vikombe vikaruka naye. Sakafu ilibonyea, ikamrudisha juu kidogo, ikatulia.

“Tena. Ruka kama mtu aliyekula.”

Akaruka tena. Uvunguni kuku walitawanyika na Bining akawaita watakatifu wote anaowajua. Hakuna kibale kilicholia.

“Basi,” akasema Bibi Epang, akijishusha taratibu mkekani. “Kwenye saruji yenu kila wiki nateleza, hakuna anayenihurumia. Sema tulichokuja kusema, kahawa inapoa.”

Takyo, akihema, akasema. Felisa akakubali. Harusi ni Mei, kabla ya mvua.

Kwa sasa fundi huyo anapikia uvunguni, na mipango yake iko mtoni. Zamani mchumba aliitumikia nyumba ya binti, akichota maji na kupasua kuni. Vijana wa leo huleta mikate ya dukani wakahesabu wametumikia. Felisa ameikataa mikate. Utamu ukishaisha, Rodel ataingia topeni na vidole vyake vya kutengenezea simu, aitoe mianzi yote, aikaushe kivulini, kisha ajifunze kuipasua. Felisa anatumaini jiko litakuwa na sakafu kabla ya harusi.

Na harufu ile?

“Ndiyo hiyo ninayoitaka,” anasema. “Nenita nitamsimamisha ukingoni. Rodel akitoka mle ananuka hivyo akamfuata, na mwanangu asipokimbia, hapo nitalala usingizi.”