Wifi Yangu na Chumvi ya Mama

Kila Jumapili baada ya ibada, watu wa kijiji chetu hapa Juru, kambini kwa wakimbizi, hujazana kwenye kibanda cha video kumcheka mama yangu. Mama yangu amekufa. Anayewachekesha ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ambaye siku hizi yuko kwenye televisheni huko Mbarara na anavalishwa nywele za bandia zenye mvi. Nywele ni za televisheni, lakini kikohozi ni cha mama, mkono kiunoni ni wa mama, na lile fundo la chumvi kwenye pembe ya kitenge, linalowafanya watu wazima walaliane mabegani kwa kicheko, ni la mama pia. Mimi hukaa nyuma, karibu na mlango. Sicheki, na watu wameshazoea.

Niseme mapema, maana mtaliona wenyewe: namwonea wivu. Roho inaniuma hasa, hadi kuna Jumapili natoka kibandani nikifika nyumbani naunguza maharage.

Mwigizaji wa familia yetu nilikuwa mimi. Tangu nikiwa msichana niliongoza teatri ya kanisa. Nimekuwa mke wa Farao. Nimekuwa mwanamke aliyegeuka nguzo ya chumvi, nikasimama bila kupepesa macho mpaka wimbo wa kwaya ukaisha. Nimekuwa mama wa mwana mpotevu, ambaye hata Biblia yenyewe haimtaji, na nilivyomlilia yule mwana, mchungaji alitoa leso. Wifi yangu siku hizo alikuwa mtu wa jembe. Akiombwa kufungua kikao kwa sala, alitazama chini na kusukuma mchanga kwa kidole cha mguu hadi mtu mwingine amwonee huruma aanze. Kaka yangu alimwoa hapa hapa kambini, akiwa amekwisha kupita umri ambao wanawake wa kwetu huolewa, na mama hakumficha kwamba anauona huo umri.

Wakwe wengine husema mgongoni. Mama alisema usoni, asubuhi na jioni. Aliishi na kaka na wifi nyumbani kwao, na kaka yangu alipofariki hakuhama. Wanawake wawili wakabaki na shamba la maharage, mmoja akigomba, mwingine akinyamaza. Mimi niliolewa upande wa pili wa kilima. Nilikwenda kumwona mama nilipopata nafasi, nakaa kidogo, narudi kwa watoto wangu.

Chumvi ilianzia njiani, tulipokimbia kutoka Kivu ya Kusini. Tulikula majani ya muhogo yaliyochemshwa kwa maji matupu, na mdogo wetu wa mwisho aliyakataa. Alifunga mdomo, akageuza uso. Mama alimbembeleza, akampiga, akambembeleza tena. Mtoto hakufika nasi huku. Mtu mmoja alipotugawia chumvi baadaye, mama aliifunga kwenye pembe ya kitenge chake, na tangu siku hiyo hakukaa bila fundo hilo. Sisi watoto tuliobaki alikuwa akituita mmoja mmoja, analowesha kidole, anakigusisha kwenye chumvi na kutuwekea ulimini. Ilikuwa ndiyo njia yake ya kutukumbatia, kwa sababu kukumbatia kwenyewe hakukujua. Na kila aliyemtembelea, awe mchungaji au mnunuzi wa maharage, alimuuliza kabla ya salamu: "Ulikula? Chumvi ilienea?"

Yaani, ilitosha?

Mama alipokufa tulikaa kilio kama inavyopaswa. Sasa, katika ukoo wetu, mkeka wa kilio haukunjwi mpaka watu wacheke. Siku ya mwisho binti mkubwa wa marehemu huvaa nguo yake, husimama katikati na kumwiga: alivyotembea, alivyogomba, alivyolalamika. Watu wakicheka, ndipo marehemu anaaga na kila mtu anarudi shambani kwake. Binti mkubwa ni mimi, tena mwigizaji. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Nilivaa kitenge cha mama nikasimama. Nikatoa sauti, na ikatoka sauti ya mke wa Farao. Nikajaribu kutembea kama yeye, nikatembea kama mtu anayevuka Bahari ya Shamu. Nilikuwa nimekula ng'ombe mzima miaka yote hiyo, na hapo nikashindwa na mkia. Wazee walinitazama kwa huruma, nikakaa chini na kulia. Mkeka ukabaki umetandikwa. Watu walikuwa na mashamba yao yanayowangoja, wakaanza kutazamana.

Wifi yangu alikuwa kwenye vyungu. Alifuta mikono, akaja, akanivua kitenge taratibu kama anayemvua mtoto nguo iliyolowa, akajifunga yeye. Kisha akakohoa.

Kikohozi tu. Mzee mmoja aliruka kutoka kwenye kiti chake. Wifi akaweka mkono kiunoni, akasogelea sufuria yake mwenyewe ya sombe, yale majani ya muhogo, akaifunua, akainusa, akamtazama mkaza mwana ambaye hayupo, yaani yeye mwenyewe.

"Hii ni sombe ao ni dawa ya minyoo?" akasema. "Mwanangu alikufa na njaa mu hii nyumba, banasema ni malaria."

Akafungua fundo, akatia chumvi chembe kwa chembe huku akihesabu kimoyomoyo na kuwatazama watu kwa jicho la kushuku wezi. Watu walicheka wakashika mbavu. Wanawake walioanza kufunga mizigo waliifungua tena. Na mimi, Mungu ananiona, nilicheka hadi machozi yakabadilika ladha. Wazee wakakunja mkeka.

Mwanakwaya mmoja alikuwa amerekodi kwa simu. Ile video ikaenda Rugaaga, ikaenda kambi ya Oruchinga kwa ndugu zetu, ikafika Mbarara. Haukupita muda mrefu akaja mama mmoja Mnyankore, mtengenezaji wa mchezo wa kuchekesha kwenye televisheni, amevaa miwani ya jua juu ya kichwa. Alikuwa akitafuta mama mkwe.

Nilimpikia yule mgeni mimi. Nilimchinjia kuku. Na alipomaliza kula nikamwomba anitazame kidogo, nikamlilia mwana mpotevu kuanzia mwanzo hadi anaporudi. Alinisikiliza vizuri, kwa adabu.

"Maama," akasema katika Kiswahili chake cha Kinyankore na cha sokoni, "wewe iko na nguvu mingi sana. Televisheni iko kidogo."

Kisha akamgeukia wifi yangu, aliyekuwa akiosha masufuria. "Nyabo, wewe fanya ile ya simu. Hapana ongeza kitu."

Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi. Ya wifi yangu ilitokea jioni, tena upande wa magharibi, na ikawaka hivyo hivyo. Alikuwa amevuka hamsini. Walimpa kipande kidogo cha mama mkwe mkimbizi anayewatembelea watoto mjini, akiongea Kinyankore chake cha kuuzia maharage kilichochanganyika na Kiswahili chetu. Baada ya muda mfupi mama mkwe akawa haondoki mjini. Wakamwekea chumba kwenye mchezo, wakamwekea jirani wa kugombana naye. Picha yake ikabandikwa kwenye matangazo ya sabuni, amekunja uso kama mama alivyokunja.

Nikienda sokoni Rugaaga nasikia watu wakiigana kikohozi. Siku moja muuza nyanya, Mkongo mwenzetu, aliniita dada mkubwa kwa kikwetu, akaniuliza, "Yaya, unajua ule mama wa chumvi wa mu televizyo? Banasema anakaa kwenu Juru."

"Namujua," nikamwambia. "Anaiga mama yangu."

"Ah," akasema, akiwa tayari anacheka. "Basi mulikuwa munafurahi mingi mu ile nyumba."

Nilinunua nyanya kwa mwingine.

Sasa wifi yangu hulala Mbarara siku za kazi, lakini hurudi. Hilo siwezi kumnyima. Anarudi na mkate wa mjini, anafika kwangu kabla ya kufika kwake, anavua viatu mlangoni. Mwezi uliopita alifika akakaa jikoni kwangu muda mrefu akinisaidia kuchambua maharage, kama zamani. Nikajua kuna neno.

"Wifi," akasema, "mama ameniishia."

"Vipi?"

"Yote nilijua, nimefanya. Kikohozi, sombe, kuku, jirani. Sasa banataka mupya kila juma. Yule mama wa kazi ananiuliza chumvi yenyewe ni ya nini, banataka kuitilia hadisi. Mimi sijue. Nilimukuta tayari na ile fundo, na nani angemuuliza? Weye ulimujua mbele. Unipatie mama wa zamani."

Niliendelea kuchambua maharage. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkeka nilijiona tajiri. Alikuwa amechukua sauti, mwendo, kitenge na Jumapili zote, lakini njia ile hakuipita nasi. Mdogo wetu hakumwona. Na kile kidole cha chumvi ulimini kilikuwa cha sisi tuliozaliwa na mama, hakuna mgeni aliyekionja.

"Wa zamani ni wangu," nikamwambia.

Alikizungusha kikombe. Kisha akasema, "Ni kweli," akanywa chai yake, akaniomba niende naye Mbarara juma linalofuata nione fasi, mahali anapofanyia kazi. Nadhani alitumaini ningelainika. Nilikubali kwa sababu nyingine: nilitaka nimwone akikosa cha kufanya.

Wanarekodia kwenye nyumba ya kupanga, nje kidogo ya mji, sebule ambayo haina mtu anayeishi ndani yake. Taa zinaunguza. Walinikalisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera, wakaniambia nizime simu. Tulikuwa tumeondoka asubuhi na mapema, sikuwa nimetia kitu tumboni. Wifi akatoka chumbani amevaa mvi zake, akakohoa, na mgongo wangu ukanyooka wenyewe kama nilipokuwa mtoto.

Alifanya kazi. Siwezi kusema vingine. Walimrudisha mara kwa mara kwa sababu ya taa, kwa sababu ya gari lililopiga honi, na kila mara alikasirika upya, hasira ile ile changa. Mimi katika teatri ya kanisa nikiombwa kurudia nilikuwa naongeza. Yeye alikuwa anapunguza. Niliona hilo, na likaniuma kuliko matangazo yote ya sabuni.

Wakasema pumzika. Watu wakakimbilia maji. Wifi akabaki amesimama chini ya taa, akanitazama pale kwenye kiti, akaja kwangu kwa ule mwendo wa goti bovu la mama. Sijui kama alikuwa bado anaigiza au alikuwa amesahau kutoka.

"Ulikula?" akasema. "Chumvi ilienea?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Ilinitoka kabla sijajua. Vijana wa kamera wakacheka, wakidhani ni utani wetu wa kifamilia. Mimi nilikuwa nimeshikilia mikono ya kiti. Nilikuwa nimejaribu miezi mingi kuisikia sauti ile peke yangu, nikiwa shambani, nikiwa jikoni, na kila mara ilikuja sauti yangu mwenyewe ya kanisani. Sauti ya mama ilikuwa imebaki kwenye koo moja tu duniani, na koo lenyewe si la binti yake. Nilimchukia kwa hilo, na nilimshika kitenge asiondoke.

"Uliza tena," nikamwambia.

Akauliza tena, polepole. Safari hii nilijibu ukweli.

"Hapana, mama. Haikuenea."

Hakucheka. Alifungua lile fundo la televisheni, ambalo kumbe ndani yake mna chumvi kweli. Akalowesha kidole chake mdomoni, akakigusisha kwenye chumvi, akanisogezea. Nilifungua mdomo kama mtoto. Chumvi ilikuwa ile ile.

Kisha akili ikanirudia.

"Hii umeijulia wapi?" nikauliza. "Hii hujaifanya kwenye televisheni."

"Hii hapana ya kuchekesha batu," akasema kwa sauti yake mwenyewe, akifunga fundo. "Alikuwa ananifanyia kila siku akiisha kunigombeza. Mpaka wiki ile alikufa."

Yule mama wa miwani akaita, wifi akarudi chini ya taa. Mimi mama aliacha kunifanyia siku niliyoolewa.