Mraba wa Ishirini

Katikati ya miaka ya tisini nilipata kazi ya ualimu katika shule moja ya kambi ya Dadaab. Nilikuwa binti wa Garissa mwenye cheti cha kidato cha nne tu, na hesabu niliipenda kuliko nilivyoijua. Kwenye sanduku la vitabu vya msaada nilikuta kitabu cha mafumbo ambacho kurasa zake za majibu zilikuwa zimechanika. Fumbo moja lilininyima raha wiki nzima. Una mraba wenye vyumba tisa, tatu kwa tatu. Kila chumba ujaze sifuri au moja, ila ukienda kulia au ukishuka chini, namba zisipungue. Kuna njia ngapi?

Adhuhuri moja, wanafunzi walipokwisha kwenda nyumbani, nilichora miraba yote ubaoni. Nikapata kumi na tisa. Nikarudia, ikawa ileile.

Nyuma ya darasa kulikuwa na fundi wa kibarua akitengeneza madawati, mkimbizi wa makamo kutoka Mogadishu. Tulimwita adeer, yaani baba mdogo, naye, kwa desturi yetu Wasomali, alituita adeer vilevile. Aliweka nyundo chini, akautazama ubao kitambo, akasema umekosekana mmoja. Nikamuuliza upi.

"Ule wa sifuri tupu, adeer."

Nikabisha kwamba ule haupandi kufika moja popote.

"Kanuni inasema zisipungue," akasema. "Haijasema lazima zipande."

Akaomba chaki. Katika kila mraba alichora mstari wa kutenga sifuri na moja, kuanzia pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Kila mstari ulikuwa na hatua sita: tatu za kulia, tatu za kupanda. Basi kazi ilikuwa kuchagua tu zipi kati ya sita ni za kupanda, na njia zake ni ishirini. Akanipa mraba wa nne kwa nne. Nikapata sabini bila kuchora hata mmoja, nikacheka peke yangu kama mtoto.

Nilipomuuliza alijifunza wapi, alisema alikuwa akifundisha hesabu chuo kikuu, na tangu akimbie vita hakuwa ameshika chaki. Kisha akarudi kwenye misumari yake.

Kesho yake nilimweleza mwalimu mkuu. Alimwita, wakazungumza kidogo, akampa hesabu za darasa la nane afundishe. Posho ilikuwa ndogo, lakini siku ya kwanza alikuja na shati lililopigwa pasi, na sauti yake ilisikika hadi darasani kwangu.

Kwa miaka miwili, kila baada ya masomo, alinifundisha bila kudai chochote. Nilirudia mtihani wa kidato cha nne, nikapita, nikaingia chuo cha ualimu. Nikiwa huko nilipata habari kwamba yeye na watoto wake wamehamishiwa ng'ambo. Sikuwahi kumuaga. Ila katika dua zangu, nikishawataja wazazi wangu, anayefuata ni yeye.