Maji ya Ndizi

Jumamosi ile dada yangu Kokushubira alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yao pale mtaa wa Bakoba, mjini, anachambua maharage, tumbo la mimba limemzuia hata kuinamia ungo. Mimi nilikuwa nimefika jana yake kutoka kwetu Kamachumu, nimetumwa na mama. Nilimletea ndizi, nyama kidogo, na kibuyu cha omuramba, yaani kile kinywaji kitamu kinachokamuliwa kwenye ndizi mbivu kabla hakijageuka pombe. Kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza tulikiita maji ya ndizi.

Nilikuwa katekista. Kijana, bado sijaoa, baiskeli ya kigango, kitabu cha mafundisho kimefunikwa gazeti, na kiburi cha kutosha parokia nzima. Binadamu yuko duniani kwa ajili gani? Ili amjue Mungu, ampende, amtumikie, kisha afike kwake mbinguni. Nilikuwa nalimwaga jibu hilo mbele ya watu wazima wenye wajukuu, wakaniitikia, na nikarudi nyumbani nimeshiba sifa. Koku peke yake ndiye alikuwa akinicheka. Siku ile aliniuliza kama Mungu alimwumba na yule mwenye duka la ushirika aliyekuwa anaficha sukari, na kama naye alikuwa na kusudi lake. Nikamwambia maharage yake yana mawe, aangalie kazi.

Mume wake, Rwegasira, alikuwa mgambo. Wiki kadhaa nyuma majeshi ya nduli wa nchi jirani yalikuwa yamevuka mpaka, na yeye na wenzake wakapakiwa kwenye malori kwenda upande wa Kyaka. Watu waliovuka Mto Kagera kukimbilia kwetu walifika mjini na magodoro kichwani, na habari zao hazikuwa za kusimulia watoto. Hata hivyo pale Bakoba bado tuliamini vita viko kwa watu wa ng'ambo ile. Ujinga, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Ndege ilikuja mchana.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka maharage yakirukaruka kwenye ungo.

Bomu la kwanza lilianguka mbali kidogo, tukakimbilia ndani. La pili lilitutoa wote ndani ya nyumba.

Jirani yao, Ma Paulina, mama wa Kiluteri aliyekuwa akizalisha wanawake wa mtaa ule, alikuja mbio amebeba kitambaa chenye vifaa vyake. Alimshika Koku mkono, akaniambia nichukue maji na chakula, tunaondoka. Kwake yeye ni Muhutwe, kwetu ni mbele zaidi, njia ni moja. Nikajaza dumu dogo la maji, nikabeba na kibuyu, kwa kuwa kilikuwa pale mlangoni na mama angeniuliza.

Barabara ya kwenda Muleba ilikuwa imejaa watu. Malori ya jeshi yalipanda kaskazini, sisi tunashuka kusini, na askari waliokuwa juu walituangalia tu. Nilisali rozari kwa sauti na watu wakaitikia, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na nasema kweli, nilijisikia mtu muhimu. Tulilala Kemondo kwenye darasa la shule. Alfajiri tukaendelea, na tulipoanza kupandisha kilima, Koku alisimama, akashika mgomba uliokuwa kando ya njia, akasema hawezi tena.

Tukaingia kwenye kibanja cha watu, shamba la migomba lenye nyumba katikati. Nyumba ilikuwa imefungwa, wenyewe wamekwishakimbia. Ma Paulina alitandika kanga chini ya migomba, akanifukuza. Mwanaume hakai pale. Nilikaa upande wa barabara nimegeuzia mgongo, nikisikia dada yangu akihangaika, na sikuwa na la kufanya.

Ndege ikapita tena.

Haikuangusha kitu. Ilipita tu, chini, na kivuli chake kikapita juu ya migomba.

Nililala kifudifudi. Nilipoinuka kinywa kilikuwa kikavu kabisa, nikashika lile dumu nikanywa. Yalikuwa yamebaki maji kidogo sana. Niliyamaliza. Ninayaandika haya kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikijiambia kwamba yaliishia njiani.

Ma Paulina aliita.

"Katekista! Njoo na maji. Mbatize huyu, haendi mbali."

Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, rangi ya majivu. Kifua kilikuwa kinainuka, kinasita, kinainuka. Koku alikuwa amelazwa ubavu, macho yamefumba. Aliyafumbua akaniambia neno moja tu: "Kaka."

Kila aliyepata Kipaimara anajua: mtu akiwa hatarini na padri hayupo, Mkristo yeyote anaweza kubatiza, ila kwa maji ya kweli. Ya mvua, ya kisima, ya ziwa, ya mto. Si maziwa, si pombe, si mate. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na pale tulipokuwa, Ziwa lote lilikuwa linaonekana chini kule, jeupe, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye mbio.

Kifua kikasita tena.

Nikachukua kibuyu.

Nilimimina mara tatu juu ya kichwa chake. "Yohana, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Sauti yangu ilikuwa imara. Kichwani nilikuwa najisemea, maji ya ndizi nayo ni maji, yanaitwa maji, Mungu si Athumani. Ma Paulina aliona kilichokuwa mkononi mwangu.

Baadaye kidogo mtoto hakuinua kifua tena.

Koku aliuliza, "Amebatizwa?"

"Amebatizwa," nikasema.

Nilichimba kwa panga lililoachwa pale na kwa mikono, pembeni mwa kibanja kile cha mtu nisiyemjua. Kwetu sisi mtu huzikwa kwenye kibanja cha baba yake, karibu na waliomtangulia. Mtoto wa Rwegasira alikuwa anawekwa kwa wageni, na hata ruhusa hatukuomba. Shimo lilipofika magotini, niliinuka kujinyoosha, nikagonga mgomba kwa bega.

Maji yakanimwagikia shingoni.

Mengi. Ya baridi. Ya mvua ya usiku, yaliyokuwa yamekaa pale majani yanaposhikana na shina. Nikatikisa mgomba wa pili, nao ukamwaga. Wa tatu vilevile. Nimezaliwa kwenye migomba, nimekulia kwenye migomba, tangu utotoni nimelowa kwa maji hayo kila asubuhi ya masika na ya vuli, na nilikuwa nimesimama katikati ya kibanja kizima nikiyatafuta maji ziwani kwa macho.

Nilirudi mbio pale alipolala mtoto nikiwa nimekinga mikono. Kisha nikasimama. Sakramenti ni za walio hai. Hilo nalo nilikuwa nalifundisha. Maji yalipita kati ya vidole yakaisha, nikakaa chini nikalia kwa sauti, mwanaume mzima, na Ma Paulina akaja akanishika bega, akaniambia kwa Kihaya ninyamaze, mgonjwa anasikia. Nilitamani anikaripie. Hakunikaripia.

Tulifika Kamachumu siku ya pili yake. Rwegasira hakurudi, ililetwa barua, na hapakuletwa mwili. Vita vilipokwisha watu walishangilia barabarani, nami nilishangilia, kwa sababu ningefanyaje.

Mwaka uliofuata Koku aliomba jambo moja. Alitaka mwanawe aandikwe kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia. Alivaa gauni lake la kanisani, tukaenda wote kwa padri. Padri alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Akanigeukia mimi niliyebatiza, akaniuliza kama nilisema maneno yote. Nikasema ndiyo.

"Na ulitumia maji?"

Dada yangu alikuwa ananiangalia.

"Maji, Padri."

Hakuuliza maji gani. Akaandika. Jina la mtoto, la baba, la mama, na mwisho jina langu. Nikapokea Komunyo Jumapili ile, na Jumapili zilizofuata, na nikaendelea kufundisha. Mtu anayesema dhamiri humwua mwongo hajui dhamiri. Inakuacha unaishi, unakula, unaoa, unazaa. Ila somo la ubatizo lilipofika, miaka yote hiyo, nilikuwa nampa msaidizi alifundishe, nikisingizia kifua.

Barabara ile ilipopanuliwa, greda lilichukua upande wa kibanja kile. Nilipita kwenye basi nikaona udongo mwekundu umekatwa wima. Koku alikuwa kiti cha mbele yangu. Hakugeuka, nami sikumwita.

Mwaka jana mke wa jirani yetu kijana alifiwa na kichanga kabla hakijabatizwa. Alikuja kwangu analia, nikamwambia tunavyofundishwa siku hizi, kwamba watoto wa namna hiyo tunawakabidhi kwa huruma ya Mungu. Akaenda zake ametulia kidogo. Koku alikuwa hapo jikoni, anamenya ndizi. Sisi sasa ni wazee wawili, yeye mjane, mimi mgane, tunaishi kwenye kibanja kimoja.

Akasema bila kuinua macho:

"Kaka, siku ile Ma Paulina aliponipa mwanangu nimfunge kanga, niliona sisimizi kwenye nywele zake. Maji matupu hayaiti sisimizi."

Nilikaa chini. Nikamwuliza, tangu siku hiyo? Akasema tangu siku hiyo. Nikamwuliza kwa nini basi alinipeleka kwa padri, kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umelia mno, waitu, ndugu yangu. Nikaona na mimi nikisema, tutakuwa wawili wa kulia na hakuna wa kubembeleza."

Nikamweleza yote. Dumu nililolimaliza. Mvua iliyokuwa kwenye migomba. Alisikiliza, kisu kimetulia mkononi. Nilipomaliza aliniuliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za ndugu wa mbali:

"Yule mwenzetu umemjibu vizuri. Na wa kwangu, yuko wapi?"

Ningeweza kumpa jibu lile lile nililompa jirani. Lilikuwa bado mdomoni. Lakini yule hakudanganywa na mtu, na dada yangu nimemdanganya maisha yake yote.

"Koku, sijui."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikamwambia kesho nitaenda parokiani, nimweleze padri aliyepo, jina lile lifutwe, maana ni uongo wangu umeandikwa mbele ya Mungu. Hapo ndipo aliponiangalia usoni.

"Usilifute," akasema. "Hapa duniani hakuandikwa mahali pengine."

Sijaenda.