Mlinzi Aliyeuliza Kwenu Ni Wapi

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa mzima, sina homa na sijaonja hata soda. Mume wangu mpaka leo anasema nilikuwa nimechoka na kazi. Yeye hakuwepo. Baba alikuwepo, lakini baba huwezi kumuuliza tena, na utaona kwa nini.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa namna gani. Mume wangu huniita askari kanzu. Gari likisimama nje lazima nichungulie dirishani; jirani akinunua kochi jipya, lazima nijue la zamani limekwenda wapi. Nilikuwa hivyo tangu kambini Mtabila, kule Kigoma, ambako sisi Warundi wengi tulikulia, na Marekani haikunibadilisha. Kwa hiyo tulipoamua kuhama Louisville, kwa kuwa vioo vya magari vilikuwa vinavunjwa kila mara kwenye pakingi yetu, kazi ya kutafuta mahali salama nilipewa mimi.

Nilishinda na simu nikiangalia zile ramani za uhalifu, zinazoweka kidoti chekundu kila mahali palipoibwa kitu. Columbus, jimbo la Ohio, ilikuwa na vidoti kama mtoto mwenye surua. Mtaa wake wa Linden nyumba zilikuwa za bei rahisi, lakini vidoti vilinitisha. Kisha nikafika Whitehall, pembeni ya Columbus, na humo Whitehall nikaona apatimenti fulani, majengo ya matofali, ambayo hayakuwa na kidoti hata kimoja. Ng'ambo ya barabara vidoti, kushoto vidoti, pale katikati peupe kabisa. Wewe ungefanya nini? Tulihamia.

Niliyekuwa namtafutia usalama ni baba. Alikuwa ameanza kusahau. Alisahau kama amekula, alisahau jina la mume wangu, lakini ukimwuliza habari za kambi, au za mlima aliozaliwa kule Makamba, Burundi, angekusimulia mpaka chai ipoe. Na alikuwa na tabia ya kutoka. Anavaa koti, anafungua mlango, anakwenda "nyumbani". Louisville aliwahi kurudishwa na polisi, na dada yangu Esperansi, anayekaa Buffalo, alinipigia simu akilia.

"Siku moja tutamkuta amekufa kwa baridi," alisema. "Au atagonga mlango usio wake, apigwe risasi. Mlete huku kwangu."

Nikamwambia tulia, nimepata mahali pasipo na kidoti.

Sasa mahali penyewe palinishangaza. Maboksi yalikaa milangoni kutwa bila mtu kuyagusa. Kuna mtoto alisahau baiskeli nje, ikalala huko siku nyingi mpaka mvua ikaiosha. Siku moja ofisi ya apatimenti ikatuita kwenye kikao na polisi, tukapewa kahawa na yale maandazi yenye tundu, na polisi akatueleza tufunge milango na tusiache mikoba ndani ya magari. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini sisi hatuibiwi. Watu walinigeukia kama vile nimelalamika!

Polisi akacheka. Akasema na yeye angependa kujua. Kisha akatusimulia kwamba kuna kijana alikuja kujaribu vitasa vya magari yetu, halafu mwizi mwenyewe ndiye aliyewapigia simu polisi, akiomba waje wamchukue haraka. Alidai mzee mwenye fimbo amemfuata nyuma nyuma, kimya, kutoka kwetu mpaka nyumbani kwa bibi yake, na sasa mzee huyo amesimama mlangoni na hataki kuondoka. Polisi walipofika hawakuona mtu.

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka, nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Riziki. Huyu ni jirani yetu wa chini, Mkongo wa Uvira, mtu aliyekaa pale muda mrefu kuliko sisi wote. Nilimkuta anakoroga sombe, kisamvu cha Kikongo.

"Mama Riziki, hivi hapa tuna mlinzi?"

"Kuko," akajibu bila kugeuka. "Kuko muzee moya, anatembeaka kule nyuma kama giza imeingia. Bon, mi simuogopake. Lakini weye usipitake kule, unasikia? Anaulizaka batu kwabo ni wapi."

"Na ukimjibu?"

Hapo akageuka, mwiko mkononi. "Donc, umujibu juu ya nini? Unapenda kuuliza-uliza sana. Uache."

Kuniambia mimi niache ni kama kumwambia paka aache samaki. Lakini niamini, hata mimi sikwenda huko nyuma kwa udadisi. Nilikwenda kwa sababu ya baba.

Ilikuwa majira ya baridi, giza linaingia watu hawajapika. Mume wangu alikuwa kwenye shifti ya jioni. Mimi nilikuwa nakaanga ndagala, dagaa wa kwetu, feni ya jiko inanguruma, sisikii kitu. Nilipogeuka nimwambie baba anawe mikono, mlango ulikuwa wazi. Koti halipo. Ndala zake hazipo. Nje theluji ilikuwa inaanguka, na mzee wangu ametoka na ndala!

Nikavaa viatu vya mume wangu nikakimbia. Niliita pakingi nzima, niliita barabarani, kimya. Ikabaki nyuma ya majengo, kwenye mapipa makubwa ya takataka, ambako kuna kipande cha nyasi, halafu uzio wa waya, halafu ukuta wa bohari. Nilipofika tu kwenye mapipa nikasikia filimbi. Mlio mrefu, kisha mfupi.

Wewe uliyekulia kambini mwili wako tayari umesimama. Kwa asiyejua, ngoja nieleze. Kule tulikuwa na sungusungu, wakimbizi wenzetu waliopewa fimbo na filimbi kulinda usiku. Ukisikia filimbi unasimama. Sungusungu anakuuliza kwenu ni wapi, unamtajia zoni yako, yaani sehemu yako ya kambi, naye anakusindikiza mpaka mlangoni. Mwenye nia mbaya na mwenye kuchelewa kisimani wote walitendewa hivyo hivyo.

Basi akatokea mzee mmoja, amevaa kabuti la zamani na mabuti ya mpira, fimbo mkononi. Mwingine angekimbia. Mimi, kwa tabia yangu, nikatazama mabuti. Yalikuwa na tope jekundu, bichi, linalodondoka. Theluji imefunika Ohio nzima, ameupata wapi udongo mwekundu?

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Mbona uko nje? Kwenu ni wapi?"

Angeniuliza ninakaa wapi, ningemtajia Whitehall, yakaisha. Lakini aliuliza kwenu, na kwa Kiswahili chetu mtu akikuuliza kwenu, humtajii apatimenti unayolipia kodi. Mdomo ukajibu kabla yangu.

"Mtabila. Zoni ya pili, nyuma ya kisima cha pampu."

"Haya, twende nikusindikize. Saa za kutembea zimekwisha."

Nikamfuata. Unaniuliza kwa nini? Nimekwambia, sungusungu akisema twende, unakwenda. Nilingoja tufike kwenye uzio, na uzio haukuja. Theluji ikapungua chini ya viatu, ikawa tope, tope likawa vumbi. Nikasikia harufu ya kuni mbichi na dengu zinazoungua chini ya sufuria. Mama mmoja alikuwa anamwita mwanawe aje aoge. Mbele kulikuwa na nyumba za udongo zenye turubai juu, na ndani mwanga wa koroboi. Je, niliogopa? Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nachungulia kila mlango, nimefurahi, natafuta wa kwetu.

Ndipo nikamwona baba. Alikuwa mbele yetu, anatembea wima, ule mguu wake mbovu hauburuzi. Alisimama mbele ya nyumba yetu. Ndiyo, yetu, na bati lile la mafuta lililoziba dirisha.

"Konsolata!" akaita. "Nimerudi. Niwekee maji."

Konsolata ni mama yangu. Tulimzika kule Mtabila, mimi nikiwa msichana. Na ndani ya nyumba ile mtu akakohoa, na kikohozi kile nakijua.

Miguu ilitaka kukimbilia mlangoni. Kilichonizuia ni ule ule udadisi wangu. Nikajiuliza: kambi ile si ilishafungwa, nyumba zikabomolewa? Sasa baba yangu anaingia nyumba ya nani?

"Mzee," nikamwuliza mlinzi, "hawa unaowasindikiza, huwa wanarudi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mtu akishafika kwao, arudi wapi tena?"

Nikamshika kabuti.

"Mzee, nimekosea," nikasema. "Kwetu si hapa. Kwetu ni Whitehall, jengo C, mlango wa kumi na mbili."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na yule ni baba yangu, tunakaa naye."

"Aseme mwenyewe," akajibu. Hakuwa mkali. "Kila mtu hutaja kwao mwenyewe."

Nikamkimbilia baba nikamshika mkono. Ulikuwa na joto, mkono wa mtu mwenye afya. Nikamwambia, baba, sema kwetu ni Whitehall. Akanishangaa.

"Kwetu? Si hapa? Mama yako yumo ndani, humsikii?"

"Namsikia, baba. Sema hivyo hivyo, nakuomba. Whitehall, jengo C."

Nilipiga magoti kwenye vumbi lile. Nililia kama mtoto. Nilimwambia chakula kiko jikoni, nilimwambia Esperansi atafanya nini, nilimwambia mimi bila yeye sina mtu. Akautazama mlango. Kikohozi kikasikika tena. Akanitazama mimi, na naapa, wakati ule alinijua vizuri kuliko alivyonijua mwaka mzima.

"Unalia nini, mwanangu?" akasema. "Basi, nyamaza."

Akamgeukia mlinzi. Akayarudia maneno yangu moja moja, taratibu, kama mtu anayeweka chini mizigo. Whitehall. Jengo C. Mlango wa kumi na mbili.

Filimbi ikalia, na sisi tulikuwa mlangoni kwetu. Ndagala zimekuwa mkaa, kengele ya moshi inapiga kelele, majirani wametoka. Baba alikuwa anatetemeka kwa baridi, mguu wake unaburuzika tena. Nilimwogesha kwa maji ya moto, na maji yaliyotoka miguuni mwake yalikuwa mekundu. Nilikaa nayatazama mpaka yakaisha bafuni.

Kesho yake nilimweleza Mama Riziki. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza.

"Ule muzee alikuwaka Murundi," akaniambia. "Alikaaka mu jengo ya nyuma zamani, mbele mufike. Alikufa peke yake, hakuna mutu wa kwabo alikuja. Njo sasa anapelekaka batu kwabo." Kisha akaniuliza, "Na baba alisema kwake ni hapa? Yeye mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Bon. Basi atabakia."

Na kweli amebaki. Tangu jioni ile baba hajatoka hata mara moja. Naweza kuacha mlango wazi nikaenda kufua, nikarudi nikamkuta kwenye kiti chake. Esperansi haniambii tena habari ya Buffalo. Kwenye ile ramani ya simu bado sisi ni peupe.

Lakini kuna siku Esperansi alipiga simu, ilikuwa siku tunayomkumbuka mama, akaongea na baba muda mrefu. Baba alimsikiliza kwa adabu zake zote. Kisha akanirudishia simu, akaninong'oneza, asije akamwaibisha dada yangu: "Huyo Konsolata ni nani?"

Nikamwuliza Makamba. Hana habari. Nikamwuliza kambi, kisima, zoni. Anatabasamu tu, kama unamsimulia habari za watu wengine. Daktari anasema ndivyo ugonjwa unavyokwenda. Sawa. Ila jioni ile kabla ya ndagala alikuwa ametoka kunisimulia jinsi alivyomchumbia mama, na nikikumbuka sasa, tangu asubuhi yake sijamsikia akitaja hata neno moja la hayo. Na mimi? Nikifumba macho nitembee kutoka kisimani kwenda kwetu, nafika kwenye pampu nasimama. Njia siioni.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayekaa huku ugenini. Ukisikia filimbi gizani, na mtu akakuuliza kwa Kiswahili safi kwenu ni wapi, usiropoke. Jibu la kwanza litakupeleka usikorudi. Jibu la pili litakurudisha, lakini jua unaacha nini mkononi mwa yule mzee. Na kama una mzazi anayeanza kusahau, usimfundishe jibu hilo kama nilivyomfundisha mimi. Ama mfundishe, kama huwezi kuishi bila yeye. Mimi sikuweza, na ningeulizwa tena leo ningepiga magoti vile vile.

Baba yuko salama. Ukija kututembelea utamkuta hapo dirishani. Mwulize kwao ni wapi, atakutajia vizuri kabisa, mpaka namba ya mlango.