Boksi la Taa Sebuleni kwa Mama

Mama yangu akipata mgeni, kabla hata ya kumkaribisha chai, anabonyeza kitufe cha lile boksi. Taa zinawaka, nyekundu, bluu, kijani, feni inavuma, mgeni anasema "Ee Bwana!" na mama anajibu, "Hii ameiunga mwanangu kwa mikono yake." Mimi nikiwepo siku hiyo, najifanya kuna kitu natafuta jikoni.

Ni kompyuta. Au tuseme ilikusudiwa kuwa kompyuta.

Umoja wa wanawake wa usharika wetu, huku mlimani juu ya Usa River, walichoka kushuka kila wiki kwenda kuchapisha ratiba za ibada. Wakachanga kwa mnada, ule wa nje ya kanisa baada ya ibada, ndizi, mayai, kahawa, kuku. Kioo cha kompyuta walikuwa wameshapewa sadaka na muumini mmoja, kikawa kinasubiri ofisini kwa mchungaji. Likabaki swali la boksi lenyewe. Mama akasimama kikaoni akasema, "Mnahangaika nini? Binti yangu yuko Arusha, anashinda na kompyuta kutwa nzima."

Kutwa nzima, kweli. Naandika ratiba za watalii: leo Tarangire, kesho Ngorongoro. Kompyuta ikigoma nampigia fundi simu, halafu naenda kunywa chai. Nikija nyumbani kazi ninayoijua sawasawa ni kukata majani, mizigo miwili, mmoja wa ng'ombe wa mama na mmoja wa ndama wake.

Lakini niliitwa kikaoni. Nikapewa kiti chenye mto, nikapewa bakuli la loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, wamama watu wazima wananitazama mdomoni, na mama yangu pembeni kanyoosha shingo kama amepakwa mafuta. Wewe ungesema "sijui"? Mimi sikusema.

Katibu wao alikuwa na akili zake timamu. "Tununue ya kampuni inayojulikana," alisema, "hata kama imetumika. Shuleni kwetu iko moja ya miaka mingi, inakohoa lakini inakwenda."

Ningeitikia tu "ndiyo, mama" tungekuwa tumemaliza. Ila nilikuwa nimetazama video mbili tatu kwenye simu. Nikajikuna shingo, nikasema, "Hizo za kampuni, mama zangu, mnanunua jina. Ya kuunga wenyewe mnajua kila kilichomo ndani."

Kilichomo ndani! Mimi, ambaye sijawahi kufungua hata pasi.

Mjini nikaingia duka la vifaa, miwani ya jua kichwani, nikanunua kwa kunyoosha kidole. Boksi nikachagua lenye ubavu wa kioo na taa, maana niliwajua wamama zangu. Muuzaji, kijana anayetafuna bigijii, akaniuliza, "Dada, prosesa hii haitoi picha yenyewe. Kadi ya picha unayo?" Sikujua anasema nini. Nikamwambia, "Ipo nyumbani," kwa sauti ile ya mtu anayesumbuliwa. Kuuliza si ujinga, tunaimbishwa tangu darasa la kwanza, na mimi nimeimba kwa nguvu kuliko wote.

Nikaiunga chumbani kwangu. Kioo cha kujaribia sikuwa nacho, kilikuwa ofisini kwa mchungaji. Nilipobonyeza, taa zikawaka na feni zikazunguka. Nikapiga kigelegele peke yangu, nikampigia mama simu kwamba tayari.

Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Jumapili ikawekwa mezani mbele ya madhabahu, kioo pembeni yake, vyote vimefunikwa kitambaa cheupe. Mchungaji akaomba, wamama wakasimama wote na vitenge vyao vya sare. "Haya binti, bonyeza." Nikabonyeza. Taa! Vigelegele! Kanisa zima likapiga makofi. Nikageukia kioo. Cheusi. Nikazima, nikawasha. Cheusi vile vile. Vigelegele vikaisha kimoja kimoja, na kwenye kwaya ya vijana mtu akacheka puani. Hapo ndipo nikamsikia tena yule kijana na bigijii yake: kadi ya picha unayo?

Jamani, aibu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nguo ilinishika mgongoni kwa jasho, na asubuhi ile ya mlimani baridi ilikuwa kali. Mama akasimama kutoka benchi la mbele akasema kwa sauti, "Imechoka na safari tu." Watu wakacheka zaidi.

Kadi niliyoikosa ilikuwa na bei ya kukaribia boksi lingine zima. Nikaenda kwa wale wamama nikawaeleza, nikawaomba muda niitafute. Mwenyekiti wao akanishika bega, "Hapana, mwanangu. Umetusaidia, inatosha." Bora angenizaba kofi.

Wakaamua boksi liingie mnadani, wakipata chochote waongezee kwenye ile ya kampuni. Nilitaka kubaki mjini Jumapili hiyo. Mama akasema kwenye simu, "Utakuja, na utasimama karibu yangu." Nikaja.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliliinua juu. "Nani anaanza?" Mmoja akasema, "Trei ya mayai!" Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Mkungu wa ndizi, ila na fundi wake aje tumpe jembe!" Hapo wakashika mbavu. Mimi natazama viatu vyangu.

"Ndama," mama akasema.

"Ndama yupi, mama?"

"Yule jike wangu."

Kicheko kikakatika pale pale. Kila mtu alimjua ndama yule. Ng'ombe wa mama alikuwa amezeeka, na ndama ndiye aliyekuwa akingojewa amrithi, maziwa ya mama ya miaka ijayo yalimtegemea yeye. Nikamvuta mama kitenge. Akanipiga mkono wangu, mbele za watu, kama mtoto anayedokoa nyama. Tukabeba boksi nyumbani, yeye upande huu na mimi upande ule.

Juzi nimeipata ile kadi. Nimejibana mpaka nikaipata. Nikapanda nayo mkobani, nikamkuta amelifunika boksi kitambaa alichofuma mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, nikiiweka hii picha itaonekana. Itakuwa kompyuta kweli."

"Mimi nitaandika nini?" Alikuwa anatafuta mundu nyuma ya mlango. "Nilijua hujui."

"Lini?"

"Siku ya kikao. Ulikuwa unajikuna shingo, kama baba yako."

Nikashindwa kumtazama. "Sasa ndama ulimtoa wa nini, mama?"

"Walikuwa wanakucheka," akasema, akatoka nje.

Nikaiacha kadi mezani nikamfuata na mundu wa pili. Tukakata majani kando ya migomba. Nilipomaliza kufunga mzigo wa kwanza, nikainama nianze mwingine kwa mazoea.

"Acha," mama akasema. "Siku hizi mmoja unatosha."