Chupa sita za Bugeshi na dumu la kijani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Cansilde Mukarugwiza amechuchumaa kwenye ngazi za nyumba ya dada yake huko Bugeshi, koti limefungwa mpaka kidevuni. Mbele yake kuna chupa sita ndogo za dawa ambazo zimelala nje usiku kucha, zikapigwa na baridi ya mlimani. Ndani yake hamna dawa. Mna oili ya gari.

Anazipanga juu ya ubao, anauinamisha aone oili ipi itawahi kuteremka kwenye baridi, kisha anatulia kama refa.

"Angalia ile ya tatu," anasema. "Zingine ziko zinaamuka, yenyewe imeshafika."

Dada yake, Mukabera, anatoka na vikombe vya chai. "Batu wengine wanakuja kunisalimia," anamwambia mwandishi. "Huyu anakuja kulaza mafuta."

Cansilde anacheka, lakini macho hayatoki kwenye chupa ya tatu. Ushindi wa chupa hiyo umemtia aibu, na aibu hiyo ana siku tatu tu za kuimaliza, kabla madereva wake hawajakutana.

Ana umri wa miaka 47. Karakana yake ya kubadilisha oili iko mjini Gisenyi, Rwanda, kando ya barabara iendayo mpaka wa Kongo. Alizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka, akajifunza kazi kwenye gereji ya mjomba wake huko huko, akianza kwa kuosha vyuma. Leo hupokea magari tisa au kumi kwa siku, na kwa kila moja hulipwa faranga elfu tatu za kazi.

Madereva humwita Mama Cyuzuzo, kwa jina la binti yake. Kumi na tisa kati yao, wenye minibasi za dizeli za njia ya Kanama, hununua oili kwa pamoja, na hutia ile tu anayoitaja yeye. Magari yao yamezeeka na milima ya huko haina huruma. Injini ikifa, watoto hawaendi shule.

Kwa miaka minane alikuwa akiwatajia oili moja tu, ya sintetiki kamili, ile ya dumu la kijani. Kila shehena mpya ilipofika, alichota kidogo, akaitia kwenye chupa na kuandika mwezi. Shehena ikifika karibu na ziara yake ya Bugeshi, chupa hupanda naye mlimani.

"Kiwanda hakikuambiagi kama kimebadilisha," anaeleza. "Dumu ni ile ile, rangi ni ile ile. Donc mi nafanya yangu."

Wiki tatu zilizopita, Muhire, mfanyabiashara wa jumla ambaye amemletea mzigo kwa miaka kumi na moja, alishusha madumu mapya. Cansilde alifungua moja, akamimina kiganjani, akasugua kwa vidole, akanusa. Oili ilikuwa nyeupe kuliko kawaida, na ile harufu aliyoizoea haikuwepo.

Hapo ndipo ulimi, usio na mfupa, ulipomponza. Mbele ya madereva sita alimwambia Muhire kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwamba amemletea oili ya bandia. Mzee huyo alipakia madumu yake moja moja na kuondoka, huku madereva wakimzomea.

Jumapili iliyofuata Cansilde alivuka kwenda Goma kwa shangazi yake. Kwenye duka la jirani, linalopokea mzigo kwa njia nyingine kabisa, alikuta oili nyeupe ile ile.

"Nikajua muzee nilimusingizia," anasema.

Aliporudi alikwenda nyuma ya nyumba. Dumu kuukuu la kijani, alilolikata na kulipandia vitunguu, lilikuwa bado na karatasi yake. Alifuta udongo, akavaa miwani, akalilinganisha na dumu jipya alilonunua Goma. Mbele yalifanana kama mapacha. Nyuma, lile la zamani lilikuwa na alama mbili za ubora: moja ya injini za petroli, nyingine ya dizeli. Kwenye lile jipya, alama ya petroli ilikuwa imepanda daraja. Ya dizeli haikuwepo.

Basi asubuhi hii ya Bugeshi imemthibitishia alichokiogopa. Chupa ya tatu ni ya kijani kipya, na imezishinda zote, hata zile za kijani cha zamani. Si bandia, ni nzuri, ila haikutengenezwa tena kwa ajili ya minibasi za Kanama.

Siku hiyo hiyo anateremka mjini na kwenda moja kwa moja ghalani kwa Muhire, na kreti ya bia, kama desturi ya kulipa kosa inavyotaka. Mzee anaipokea kreti na kuisogeza kivulini.

"Bia tutakunywa," anasema. "Lakini ulinitukana mbele ya batu. Utanisafisha mbele ya batu."

"Ijumaa, muzee," Cansilde anajibu. "Madereva banakutana kwangu."

Ijumaa saa nane, madereva wanakaa juu ya matairi. Muhire amepewa kiti pekee. Cansilde anasimama na madumu mawili mikononi, na anakiri baadaye kwamba alijiuliza: mganga akisema amekosea dawa, nani atarudi kwake?

"Huyu muzee haiko mwizi," anaanza. "Mi nilihukumu kwa rangi, sikusoma nyuma. Nisamehe, muzee, na nyinyi pia." Kisha anaonyesha alama iliyotoweka. "Ya kijani iachieni gari za petroli. Siye tuchukue ile ya dumu la bluu, iko na alama ya dizeli. Nayo anaiuza huyu huyu."

Valentin Nzabonimpa, dereva mkongwe kuliko wote, na aliyezomea kwa sauti kubwa kuliko wote, anainuka. Anampa Muhire mkono kwanza, ndipo anamgeukia Cansilde.

"Mama Cyuzuzo, fundi asiyekoseaga mi namuogopa," anasema. "Wewe umesema mwenyewe. Mi nachukua bluu."

Wengine wanamfuata, na Muhire anafungua chupa ya kwanza ya bia kwa meno, jambo ambalo mkewe amemkataza.

Mpango wa Cansilde sasa ni rafu ya vioo ukutani: kila chupa na karatasi iliyobanduliwa nyuma ya dumu lake, ili dereva yeyote alinganishe kabla ya kutoa pesa. Fundi seremala ameahidi kumaliza mwisho wa mwezi.

Chupa ya tatu tayari ina kibandiko. Kimeandikwa kwa mkono wake: "Kijani kipya. Nilikosea."

"Hiyo itakaa ya kwanza, karibu na mulango," anasema. "Mutu akiingia, aione hiyo mbele ya zote."